Kikaratasi cha Chama Changu

College Park, Marekani, Jumanne 10 Machi 1998

Na bado nimepewa A. Hilo ndilo linaloniudhi.

Darasani tuliigiza Bunge la Ulaya, kila mtu akaokota kikaratasi chenye chama chake. Changu kikawa cha wasiotaka wageni. Nikasimama, Mtanzania mzima, kutetea vipaumbele vyao vya utamaduni, elimu na vijana: shule ziwe za watoto wa wenyeji kwanza. Nikapigiwa makofi.

Rafiki yangu Kabeya, Mkongomani, mdogo wake amekosa shule Ubelgiji kwa kuwa ni mgeni. Tulipotoka nikamwambia, “Ulikuwa mchezo tu, ndugu yangu.”

“Najua. Lakini ile karatasi ya hotuba uliyokuwa ukiisoma uliiweka chini, ukaendelea tu kwa maneno yako mwenyewe.”

Hapo akaja Mmarekani mmoja wa darasani kwetu, akaninyooshea mkono kunishukuru kwa kusema ukweli.

Nami, Kabeya akitazama, nikaupokea.