Kisanduku cha Sabuni Ulichokiacha Nusu

Baba yangu,

Kisanduku kimefanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke akiulizwa kama redio imepona.

Ni kile cha sabuni, cha plastiki ya kijani, ulichokuwa ukikitengeneza kwenye kibaraza chako pale Majengo, kati ya bucha na mshona viatu. Uliniambia ni cha Nyanya. Masikio ya mama yako yalikuwa yamefifia, na ile wokmani, redio ndogo ya kanda ya kusikilizia kwa hedifoni, iliyoachwa na mteja asiyerudi, haikumsaidia. Ulipomvika hedifoni alisema anasikia nzi ndani ya chupa. Ukacheka, ukasema, "Basi huyo nzi tutamlisha mpaka awe ng'ombe." Ndivyo ulivyonieleza kazi ya amplifaya: inapokea sauti ndogo, inaitia nguvu ya betri, inaitoa ikiwa kubwa. Ukaanza kuunda yako ndani ya kisanduku hiki, ndogo ya kutoshea mfukoni mwa sweta ya Nyanya. Kisha ukaugua, kazi ikabaki nusu.

Siku ya mazishi Nyanya aliketi mbele kabisa. Watu walisimama mmoja mmoja wakieleza habari zako. Alinivuta mkono akaniuliza, "Wanasema nini juu ya mwanangu?" Kumjibu kungekuwa kupiga kelele kando ya jeneza. Nilimwashiria tu kwamba wanakusifu. Akaachilia mkono wangu. Tangu siku hiyo, Baba, hakumwuliza mtu yeyote jambo lolote. Aliacha hata kwenda kanisani. Alisema hana haja ya kwenda kutazama midomo.

Likizo hii ya Agosti nilimwomba Mama anipe sanduku lako la vyombo.

"Wewe ni mtu wa vitabu," alisema. "Utaniunguzia nyumba."

"Sitaunguza, Mama."

"Baba yako alisema hivyo hivyo, na pazia likaenda."

Lakini alinipa. Nilikiweka chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa, kwa kuwa hapa Kianjai bado hatuna stima, nikapangusa ncha yake kwa kitambaa kibichi kama ulivyonifundisha. Nilimalizia viungo vilivyobaki, kimoja kimoja, nikishikilia pumzi. Mwisho zilibaki nyaya mbili za betri, nyekundu na nyeusi. Kitabu cha fizikia kinasema nyekundu ni chanya. Nikaunganisha.

Hakikutoka kitu. Halafu ukatoka moshi mwembamba, na harufu ile uliyoiita harufu ya hasara.

Mama alichungulia mlangoni. "Pazia?"

"Hapana, Mama. Ni transista, ile inayokuza sauti."

Nililia, sikufichi. Nilikuwa nimeiunguza kwa mkono wangu kazi ya mwisho ya mkono wako. Nikiwa nimekaa hapo nikichezea zile nyaya, kidole changu kiligusa kitu kwenye ule mweusi. Fundo dogo. Ndipo nikakumbuka. Wewe ulichuna nyaya kutoka takataka yoyote uliyoipata, ukatumia rangi iliyokuwepo, na waya wa chanya ukaufunga fundo. Niliwahi kukuuliza kwa nini usifuate rangi kama watu wengine. "Rangi ni za shule, mama," ulinijibu. Uliniita mama kwa sababu ndimi binti wa kwanza, ninayebeba jina la Nyanya. "Mimi nikishika fundo najua nilipo, hata nikiwa nimegeuka kuongea na mteja."

Mwandishi wa kitabu changu hajawahi kukaa kwenye kibaraza chako.

Nilimwaga vipande vyote vya kopo lako la redio zilizokufa nikatafuta transista yenye maandishi yale yale. Niliipata mchana wa siku ya pili, kwenye ubao uliojaa mavi ya mende. Niliing'oa, nikaisafisha, nikaiweka. Safari hii nilifuata fundo.

Niliweka kwenye wokmani ile kanda uliyowarekodia akina mama wa kanisa wakiimba, nikaunganisha kisanduku, nikavaa hedifoni, nikawasha. Kwanza ulikuja mvumo mdogo, kama chai inayokaribia kuchemka. Nikageuza kidude cha sauti taratibu.

Baba, sijui niliandikeje hili. Kanda hiyo nimeisikia mara nyingi kwenye redio ya jikoni, nikadhani naijua. Sikuwa nimeijua. Kabla ya ubeti wa kwanza wote wanavuta pumzi pamoja, kama mtu mmoja mkubwa. Benchi linalia. Mtu anafunua ukurasa. Chini kabisa ya zile sauti nyembamba kuna sauti nzito za akina mama wawili au watatu ambazo redio ya jikoni haikuwahi kunipa, na ndizo zinazobeba wimbo wote. Waimbaji hawakuwa mbele yangu. Walikuwa katikati ya kichwa changu, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kuku wakipita miguuni bila kusikia chochote. Karibu na mwisho kuna mkwaruzo wa kitambaa kwenye maikrofoni. Nadhani ni mkono wa koti lako. Nilirudisha kanda nikausikiliza tena.

Kisha nikaenda kwa Nyanya. Nilimvika hedifoni juu ya kilemba. Aliniangalia kama mtu anayepimwa joto.

"Sisikii kitu," alisema.

Nikaongeza.

"Bado."

Kidude kilikuwa kimebakisha kipande kidogo tu. Nikakimaliza.

Nyanya alishtuka, akashika hedifoni kwa mikono miwili. "HUYO NI MIMI!" Alipiga kelele mpaka mbwa akasimama. "NA HUYO PEMBENI NI MAMA KATHURE! NILIMWAMBIA ANAKIMBIA MBELE YA WIMBO, AKAKATAA! SIKIA ANAVYOKIMBIA!"

Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ulipolala hospitalini.

Hapo nikajua la kufanya. Ile karatasi iliyosomwa siku ya mazishi, historia ya maisha yako, ilikuwa ndani ya Biblia. Nilitia kanda tupu kwenye redio ya jikoni, nikafunga mlango, nikaisoma yote polepole kwa Kimeru, karibu na maikrofoni yake, nikijirekodi. Nilikwama mahali pawili. Sikufuta.

Nyanya alisikiliza amenyooka, macho yakiwa kwenye migomba. Ilipokwisha alivua hedifoni akaiweka mapajani. Nikaogopa kwamba nimemwumiza.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani. Huyo anaweza kuwa mtu yeyote! Nani amesema kwamba aliifungua redio ya babu yake akiwa hajaota tena meno ya mbele, na tulipotaka kumchapa ikaimba? Nani amesema kwamba alikuwa akiniimbia nikisaga? Hawakumjua. Leta hiyo mashine."

Nikaleta redio ya jikoni. "Nyanya, unataka kusikia tena?"

Hakunisikia. Alikwisha kujisogeza mbele ya redio, mikono magotini, kama shahidi barazani. "Washa," akasema. "Nitamsema mwenyewe."

Ninakuandikia nikiwa kando yake, kwa penseli, ili kalamu isikwaruze kwenye kanda. Mama ameacha maharagwe, amekaa mlangoni. Upande wa kwanza umeisha, nimegeuza, na Nyanya hajafika hata siku ulipoingia darasa la kwanza.

Pumzika, Baba. Unasemwa vizuri.

Binti yako