Mkate wa Soda kwa Wakwe wa Furaha

Jumatatu, 9 Agosti 2021

Mkate mwingine leo. Jiwe tena. Nimeugonga mezani, meza imelia, mkate haukusema kitu.

Kosa si langu. Oveni ya nyumba hii ni ya kupangisha, inachoma juu, chini inaacha. Kiwanda cha magodoro ninachofanyia kazi kimefungwa kwa korona, mtaa wetu wa Granville hapa Australia wote umefungwa, helikopta ya polisi inazunguka juu kama tumeiba nchi. Ruhusa ya kutoka nyumbani ni kilomita tano tu. Mtu akiwa na oveni mbovu aende wapi?

Lakini mkate lazima upatikane. Juzi kwenye simu ya video mpwa wangu Furaha alinitambulisha kwa Mama Liam, mama wa huyo kijana anayetaka kumwoa. Mama amezaliwa Ayalandi. Nikamwambia, mama, mimi mkate wenu ule wa kahawia naujua kuliko nyinyi. Nimewaokea mapadri wa kwenu pale misheni, karibu na kambi yetu ya wakimbizi Kigoma. Askofu aliula akasahau kurudi jimboni kwake. Simba alikuja kunusa mlangoni, nikamtupia ukoko, akaondoka bila neno. Mama Liam akacheka mpaka akafuta macho. Akasema tangu mama yake afariki hajaula ulio sawa.

Nikamwambia siku ya posa utaula. Neno limeshatoka.

Alhamisi, 12 Agosti

Jiwe. Dogo kuliko la Jumatatu lakini zito zaidi.

Sielewi. Unga wa kahawia, soda, chumvi, mtindi. Hauna hamira wala sukari, umaskini mtupu. Nakanda kama ninavyokanda chapati, mpaka donge linakuwa laini kama ndewe ya sikio. Mikono hii watu wanaijua. Halafu nafunika kitambaa, naliacha asubuhi nzima liumuke kama maandazi. Haliumuki. Nazidi kukanda.

Deo ameniletea unga mwingine. Kijana wetu huyu, Mrundi mwenzangu wa kambi moja, anaendesha gari la duka na ana kibali cha kuvuka mitaa. Alisimama kwenye lami na barakoa yake, nikamwonyesha mkate. Akauliza, "Mzee, huu wa kula au wa kujengea?" Nikamwambia ondoka. Akasema akikamatwa nao polisi watasema ana silaha. Alicheka peke yake mpaka kwenye gari.

Sikucheka.

Jumapili, 15 Agosti

Ibada ya kwenye simu. Kwaya inaimba, kila mtu na mwendo wake. Nimezima.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Posa ni Jumamosi, kila mtu kwake, kwenye kioo cha simu. Hata hivyo posa ni posa. Furaha ni mtoto wa marehemu dada yangu Consolata. Baba yake hatujui aliko. Kwetu mama akiondoka, mjomba ndiye anayesimama. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, mimi ndiye niliyesimama naye kwenye foleni ya mahindi. Nani mwingine ataulizwa, huyu binti ni wa nani?

Hotuba inaanzia kwa babu yetu aliyeua nyati kwa ngumi. Inapita kambini, inafika hapa. Ndefu kidogo. Waaustralia watavumilia. Wakwe ni kuvumilia.

Jumatano, 18 Agosti

Furaha amepiga simu akitoka shifti ya hospitali. Sauti ya kuchoka. Nilijua kuna kitu, aliniita mjomba mara nyingi mno.

Msemaji wa upande wetu kwenye posa atakuwa Mzee Kariuki.

Kariuki! Mkenya, mhasibu, mzee wa kanisa analosali Furaha, huko mtaa wa Kensington. Si ndugu. Hata kabila si letu. Mama yake Furaha hakumjua hata kwa picha. Nikamuuliza, nimekukosea nini? Akasema, "Mjomba, nakupenda. Lakini kifo cha mama kila ukikisimulia kinabadilika. Mara mto, mara chui, mara alikuachia maneno. Mimi sijui mama alikufaje. Sitaki wakwe wasikie cha nne."

Nikamwambia, wewe mtoto huna adabu. Nikakata simu.

Nina hasira. Nayaandika hivyo hivyo. Nina hasira na Furaha, na Kariuki, na Mama Liam aliyechekelea. Watu wanapenda hadithi zako wakiwa na njaa ya kucheka. Ukifika wakati wa heshima wanamtafuta mwenye tai.

Alhamisi, 19 Agosti

Hasira haijaisha. Nimeamka nayo.

Unga ulikuwa umebaki. Nikasema nioke huu wa mwisho, nimalizane na Ayalandi. Sikukanda. Kumkandia nani? Nilimwaga mtindi, nikakoroga kwa mkono mmoja kama mtu anayelisha kuku, nikaukusanya ungali unanata, nikachora msalaba juu kwa kisu, nikautupa ovenini papo hapo. Sikufunika wala sikungoja. Nikaenda kukaa sebuleni nimtukane Kariuki.

Umepanda. Msalaba umefunguka kama ua. Chini ukigonga unatoa sauti ya ngoma. Ndani laini, unanukia nafaka, uchachu kidogo wa mtindi. Nimekula nusu nimesimama.

Kumbe nilikuwa naunyonga kwa mikono. Unga huu hautaki kushikwashikwa. Soda ikikutana na mtindi inafanya kazi mara moja, ukiichelewesha inachoka.

Umekuja sawa siku ambayo sina wa kumwonyesha.

Ijumaa, 20 Agosti

Kupeleka au kutopeleka. Nimezunguka na hilo siku nzima.

Nisipopeleka, nimekuwa mwongo. Nikipeleka, nimemwokea Kariuki aje ajisifu nao.

Nimempigia Deo. Kesho atapita. Basi.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimeoka asubuhi. Mzuri kuliko wa Alhamisi. Deo aliupokea kwenye kitambaa safi, ukiwa moto, hakutania. Alinusa tu, akasema, "Mzee, huu mkate." Akaondoka nao kwa Mama Liam.

Nilivaa koti. Peke yangu sebuleni, koti na kandambili.

Kariuki alikuwa amezima vinasa sauti vya watu wote, eti kelele zisiingie. Akaongea kama anasoma hesabu za mwaka. Akasema, "Sisi upande wa binti tumewaletea mkate wa kwenu." Sisi! Yeye hata kijiko hakulowanisha. Mama Liam akaukata, akaupaka siagi, akala. Akaweka mkono kifuani. Hakuuliza nani kaoka, na hakuna aliyesema. Nimekaa naangalia mkate wangu unaliwa kwenye kioo kama wa mtu mwingine.

Kisha Kariuki akamuuliza Furaha, tuwapokee watu hawa? Hapo binti hujibu, mambo yamekwisha. Furaha hakujibu. Kila mtu akadhani mtandao umekatika. Akasema, "Kwanza mjomba wangu."

Wakaanza kunitafuta kwenye vile visanduku vya sura. Nikainua mkono. Nikasimama hasa. Nikaongea.

Hawakunisikia. Kariuki hakujua pa kufungua sauti. Mhasibu! Anabonya, uso wake unapotea, unarudi. "Mzee tunaona mdomo tu!" Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mimi naendelea.

Hotuba yote ilinipotea, nyati, kambi, vyote. Nilitaja jina la dada yangu. Nikalitaja tena. Nikakwama hapo.

Kariuki akasema basi mzee, kama umekubali tikisa kichwa. Nimetikisa kichwa. "Mjomba amekubali!" Vigelegele. Furaha akasema ndiyo, analia. Mimi nikakaa.

Siku zote hizi za kungoja kusema, nimetikisa kichwa kama mbuzi.

Jumapili, 22 Agosti

Mvua. Helikopta haikuja.

Furaha amepiga mchana. Mama Liam anaomba nimfundishe mkate kwa simu. Nikasema nitaangalia nafasi. Akaniuliza, jana pale ulisema nini?

Nikamwambia mengi.

Akasema anasikitika hakusikia. Nikasema yamepita, mwanangu. Akaniambia siku ya harusi nitasema mimi, si Kariuki, na nikitaka niseme la mama. Lakini lile moja tu, la kweli.

Nikasema haya.

Harusi lini hakuna anayejua, wamefunga mpaka makanisa. Nimeosha bakuli, nimeliweka juani. Jua lenyewe halikuwepo.