Gari Halina Akili ya Punda

Mkomani,
Lamu.
14 Novemba, 1966

Mpendwa ndugu yangu Khatib,

Assalaam alaykum. Hujambo, na wifi yangu hajambo? Mgongo wako umepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu mwanangu Kamaludin aje kwako Mombasa kujifunza udereva.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kuwa alipokuwa akiendesha lori alimwona mzee kando ya barabara, akamgeukia, akatia mkono kifuani kumwamkia, na lori likaingia mtaroni. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Umesema sasa utamrudisha huku kwetu Amu.

Nakwambia kweli, Khatib, nilifurahi. Siku ile ile nilianika godoro lake juani. Nina hamu na mwanangu mpaka najiona nikimpakulia chakula na hayupo.

Jirani yangu Bi Ummu alicheka alipolisikia jambo lenyewe: "Mwana hakukosa adabu, amekosa punda. Punda aijua ndia!" Ni kweli. Huku kijana akimpita mzee bila kumgeukia, habari hufika nyumbani kabla yake. Tena punda hushika njia mwenyewe wakati wewe unaulizana hali na watu. Gari halina akili hiyo.

Basi godoro nimelirudisha ndani. Usimlete. Akija sasa atakuwa amejifunza woga tu, na kesho mtu mwingine asiyemjali atampa gari. Keti pembeni yake akiendesha. Usimkaripie, naujua ulimi wako, na yeye tangu utotoni akikaripiwa mikono humtetemeka. Asipakie vijana wenzake, hao ni kelele tupu. Usimwachie gari peke yake mpaka roho yako itulie, hata kama Idi itapita bila mimi kumwona. Samaki mkunje angali mbichi, lakini usimvunje!

Nisalimie wifi na watoto. Mama anawaombea dua kila akimaliza kusali.

Mwambie Kamaludin nitakuja kumwona, inshallah. Akiwa kwenye usukani akaniona nimesimama kando ya barabara, asinigeukie. Apite, macho mbele, kana kwamba hanijui. Mkono wangu wa kubusu utamngoja mpaka asimamishe gari, ashuke.

Mungu awafikishe salama kila mnakokwenda.

Dada yako akupendaye,
Alawiya