Sura Niliyokunyima

Binti yangu Akiru,

Maonyesho yako yalifunguliwa Jumamosi iliyopita, miezi minne baada ya kukuzika. Rafiki zako wawili, Halima na Nkatha, walitundika kila picha kama ulivyoagiza katika daftari uliloliandika hospitalini. Ukumbi ulijaa. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Unanijua, siwezi kunyamaza watu wanapotazama kitu bila kukielewa. Nikashika kazi ya kueleza. Niliwaambia kwamba ukuta wa kwanza ni wa sura za watu, na kwamba hapo hukumchora yeyote ambaye hakuketi mbele yako, hata kama ilichukua siku tatu. Picha za simu ulizikataa. "Simu haipumui, baba," uliniambia. Ukuta wa pili ni wa mambo uliyoyaona kichwani tu: ngamia waliobeba nyumba za mtaa wa Kiwanjani mgongoni, barabara ya Ngaremara ikiwa imejaa samaki.

Mama Kinoti alisimama mbele ya sura yake, akawatania wenzake kwamba hata ndani ya fremu bado anauza miraa. Akasimulia ulivyomchora sokoni huku wateja wakilalamika kwamba umewazibia njia. Kisha akahamia ukuta wa pili, akaniita.

"Mwalimu, huyu si wewe?"

Ni mimi, Akiru. Nimeketi kwenye kigoda chumbani kwako, shati limefunguliwa kifungo cha juu, nacheka. Pembeni unaonekana mkono wako umeshika brashi. Mlangoni mbuzi wamepanga foleni, wamevaa miwani, wanangoja zamu yao ya kuchorwa.

Watu walicheka, na mbuzi hao wanachekesha kweli. Halima alidhani wamekosea kuitundika pale, kwa kuwa uso ni wangu kabisa, hata kovu la kidevuni lipo. Akataka kuihamishia kwenye ukuta wa kwanza. Tukafungua daftari. Uliandika wazi: "Baba. Ukuta wa pili. Hakuketi."

Mama Kinoti aliniuliza, kwa upole, nilikuwa na shughuli gani. Uliniomba mara nyingi. Nilikuwa na kikao cha wazee wa kanisa, nilikuwa na gazeti, nilikuwa na maoni kwamba msichana mwenye akili kama yako angesomea uuguzi. Mara ya mwisho ulikuwa umeanza kukonda, nikasema tungoje upone kwanza, usijichoshe. Nilidhani nakuhurumia. Kumbe niliogopa kutazamwa kwa siku tatu na mtoto ninayempoteza.

Kinachonimaliza, ambacho sikumwambia yeyote, ni kile kicheko. Hukuwahi kuniona nikicheka hivyo chumbani kwako, kwa sababu sikuwahi kuingia nikakaa. Ulikibuni, kama ulivyobuni mbuzi wenye miwani.

Nkatha alininong'oneza kwamba picha inaweza kuhamishwa tu, hakuna atakayejua. Nikamwambia aiache ilipo. Wageni wengine walipoingia, kila aliyeuliza mwalimu anafanya nini kati ya ngamia na samaki, nilimweleza polepole, tangu mwanzo, kwamba binti yangu aliniomba niketi naye, nikakataa.

Pumzika, mama. Kesho wanafungua saa tatu asubuhi, nami nitakuwa pale.

Baba yako