Jiliwa Lililoshika Kamera

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba, salamu zako zimefika Matiri. Sisi wazima. Baba yako mdogo yuko shambani anachuma kahawa, na mimi mama yake bado namshinda.

Unaniuliza kama uitupe reli ya mbao uliyojitengenezea ya kusogezea kamera, kwa sababu wenzako chuoni wanaicheka. Thubutu!

Nilipokuwa msichana wa studio ya picha Mbinga, bwana shamba alitugombeza kwamba kahawa yetu inaharibika kwa uvivu. Nikamwambia kuna kadudu kanatoboa matunda. Akasema, "Nionyeshe."

Kadudu kenyewe kadogo kama punje ya ulezi. Nilifunga kioo cha kukuzia mbele ya kamera, lakini hata nikihema tu, kamera inatikisika na picha inaingia ukungu. Ndipo nikaifunga kamera juu ya taya linalosogea la jiliwa la baba, lile la kubania mbao, na tunda nikaliweka mbele yake. Kila nikizungusha mkono wa jiliwa, kamera inasogea kiasi cha unywele, nami napiga. Mafundi wa karakana ya baba walicheka mpaka wakakaa chini.

Filamu nzima ilitoa picha moja safi: kadudu, kichwa ndani ya tunda, makalio nje. Bwana shamba aliisogeza karibu na macho.

"Mtambo uliopiga picha hii umetoka nchi gani?"

"Umetoka kwa baba," nikamjibu.

Picha hiyo nimeifunga humu. Wenzako wakichoka kucheka, waonyeshe. Wewe kaza skrubu, uendelee kupiga.

Bibi yako