Mwangwi wa Nyumba Yako

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kipenzi cha Mama,

Salamu kwanza, maana hata aliyenuna husalimia. Hujambo? Kazi ya ghalani inakwendaje, na ule mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kubeba maboksi umepoa? Unalala vizuri? Unavaa sweta? Hilo la sweta ni swali la Mama, mimi nalifikisha tu.

Huku hatujambo. Mama ni mzima. Magoti humsumbua asubuhi, lakini akisikia ujumbe wako umefika hutembea kama msichana. Mimi pia ni mzima, ingawa hukuuliza. Katika ujumbe wako wa mwisho uliuliza hali ya Mama, ya Mjomba, ya kinyozi wa mlango wa pili, hata ya yule paka aliyekwisha kufa. Nilitega sikio mpaka mwisho. Mimi sikuwamo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ninayotaka kusema hayafai kupita kwenye spika. Kila kinachopita kwenye spika katika nyumba hii ni mali ya Mama.

Utaratibu wetu unaujua, ila hujawahi kuuona kwa macho. Ujumbe wako wa sauti hufika kwenye simu yangu. Masikio ya Mama hayapati tena sauti ya simu, kwa hiyo nauhamishia kwenye ile kompyuta uliyotuachia, yenye spika kubwa. Kwanza Mama hubadili nguo. Ndiyo, huvaa gauni la kutokea, hujipaka mafuta, kisha hukaa kwenye kiti cha wageni kana kwamba unamwona. Halafu hunigeukia: "Zima cherehani, mwanangu anazungumza." Nami nazima, hata kama pazia la mteja liko nusu chini ya sindano. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hao hawakumjua Mama. Kwake asiyekuwepo ndiye mwenye nyumba, na aliyepo ni wa kuzima cherehani.

Sasa sikia yaliyonipata. Mwezi uliopita sauti yako ilianza kutoka na mwangwi. Ulisema "Mama," na ile "Mama" ikazunguka chumba, ikagonga ukuta, ikarudi. Ulipokohoa tukadhani mmekohoa ukoo mzima. Na mwishoni, ulipokwisha kuaga, ukabaki mvumo mrefu usioeleweka, kama upepo unaopita ndani ya jengo. Mama akasema, "Mwanangu anaishi kwenye nyumba tupu. Hana hata zulia."

Nilicheka. Kesho yake nikarudi kutoka kupima madirisha ya mteja, nikakuta chumba cha mbele kimejaa jua. Mama ameshusha mapazia! Mapazia yale ya rangi ya maziwa yenye upindo wa buluu, niliyomshonea kwa mikono yangu, ambayo hakuwahi kuyasifu hata kwa kukosea. Yamekunjwa vizuri ndani ya sanduku, juu yake zulia, na juu ya zulia nguo zake mwenyewe. Ananiambia nyumba isiyo na mapazia hutoa mwangwi. Ananiambia mimi, fundi wa mapazia! Nikamuuliza, na nguo zako zinakwenda wapi? Akajibu bila kugeuka kwamba anakuja kukaa nawe, kwani mtoto haachwi peke yake kwenye pango.

Hapo wivu ulinipanda, sikufichi. Mimi ndiye ninayemkanda magoti. Mimi ndiye ninayejua kidonge kipi ni cha asubuhi na kipi ni cha jioni. Ninaumwa na mafua anasema nipunguze kelele. Wewe unakohoa tu, anafunga sanduku. Nikajiona nimebaki na cherehani na madirisha wazi, nikimpikia nani sijui.

Nikaapa kuutafuta huo mwangwi mpaka niujue unakoishi. Kwanza nilifanya kama fundi wa mapazia: nikatundika vitambaa vizito vya wateja madirishani, nikidhani labda chumba chetu ndicho kinachorudisha sauti. Wapi! Ukazidi kuunguruma. Nikakagua waya, nikasukuma kila plagi mpaka kidole gumba kikauma. Nikaazima spika za kinyozi: mwangwi uleule. Nikavaa hedifoni: umo humo, tena sasa uko ndani ya kichwa changu. Mwishowe nikaweka wimbo, wimbo wowote tu, na mwimbaji naye akatoka pangoni. Nikaona nimeshinda. Nikamwita Mama, "Unasikia? Na huyu naye nyumba yake tupu?" Akasikiliza kwa makini, akasema, "Labda ni jirani yake."

Basi nikamwita fundi wa kompyuta. Wanamwita Kimya, na jina limempata mwenyewe. Alifungua kompyuta, akachomoa kadi ya sauti, kile kibao kinachopeleka sauti kwenye spika, akaipangusa vumbi kwa brashi, akairudisha. Mwangwi. Akakagua programu inayoiendesha kadi, akaona iko sawa. Mwangwi. Mama alikuwa amekaa pembeni na sanduku lake, kama abiria anayengoja kuitwa. Mimi nilisimama nyuma ya Kimya nikimhimiza mpaka akaniambia nimpe nafasi, na hilo ndilo neno refu alilosema siku hiyo.

Halafu akabonyeza alama ndogo kwenye pembe ya skrini. Ukafunguka ukurasa wa madoido ya sauti, umejaa vipicha: chumba kidogo, bafu, pango, na ukumbi mkubwa wenye nguzo mbele. Kumbe kadi haina ugonjwa wowote. Ukiigusa picha ya bafu, kila sauti inatoka kama iko bafuni. Ukigusa ukumbi, hata anayenong'ona anageuka mhubiri. Na kwenye ukumbi palikuwa na alama ya tiki.

Nikauliza kwa sauti ya polisi ni nani aliyegusa kompyuta hii. Mama akasema, "Mimi." Hata hakuona haya. Alikuwa akipangusa vumbi, zile nyumba zikatokea, naye akadhani kompyuta inamuuliza mwanawe anaishi wapi. "Nami sikujua," akasema, "nikamchagulia iliyo nzuri."

Iliyo nzuri, Kipenzi! Yenye nguzo! Akakujengea kasri kwa kidole kimoja, kisha akakuonea huruma kwa kuwa halina vitu. Mimi kwenye kompyuta hiyo ningechaguliwa bafu, tena ningeambiwa nilisugue.

Kimya aliondoa tiki, akauweka ujumbe wako tena. Mama akavaa uso wake wa kukusikiliza. Ukatoka mkavu, karibu, kama umekaa hapa kando ya cherehani. Ukaaga. Nami nikanyoosha mkono nizime, maana nilijua kinachofuata ni ule mvumo.

Haukuwa upepo. Kumbe ulisahau kuzima kinasa sauti. Tukasikia kiti kikiburutwa, kisha tukasikia sauti ya Mama ikitoka kwenye simu yako, ule ujumbe aliokutumia kabla ya hapo, akikueleza habari za magoti. Na nyuma yake, mbali, kutoka jikoni, mimi nikiita, "Mama, chai inapoa!" Ukairudisha nyuma. "Mama, chai inapoa!" Ukairudisha tena. Habari za magoti uliziruka, ulikuwa unaitafuta chai. Kisha ukavuta pumzi, ukasema peke yako, taratibu, "Dada anafaidi."

Mdogo wangu, nitakuambia ukweli. Kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe. Kumbe na wewe! Kumbe unakaa huko kwenye kijichumba chako, hicho kisicho na nguzo, ukinionea wivu kwa birika la chai. Nilifurahi kwa muda wa kutosha. Kisha nikaona siwezi kumtazama Kimya usoni, nikajifanya natafuta mkasi.

Mama aliinuka, akaenda kwenye sanduku. Akatoa nguo zake moja moja, akazirudisha chumbani. Akatoa zulia, akalitandika. Mapazia akayaacha humo humo, akafunga. "Haya ni yake," akasema. "Alale kama yuko kwetu." Nikangoja anione. Naye akanigeukia, akatazama madirisha yaliyo wazi, akasema, "Washa cherehani, mwanangu."

Nimeiwasha. Kitambaa ni kilekile cha rangi ya maziwa, upindo safari hii ni mwekundu, na Mama amekaa kwenye kiti cha wageni ananiangalia ninavyoshona. Amesema ni mazuri. Nimemwomba arudie, akasema nisimzoee.

Lakini usidhani wivu umekwisha. Juzi ulipotuma ujumbe mwingine gauni la kutokea lilivaliwa kama kawaida, na cherehani ikazimwa. Tofauti ni kwamba safari hii na mimi nilisogeza kiti. Na tulisikiliza mpaka mwisho kabisa, hata ulipokwisha kuaga, tukitumaini umesahau tena.

Ombi langu ni moja. Pima dirisha lako, upana na urefu, uniletee vipimo, maana pazia la dirisha letu kwako linaweza kuburuta. Nitalikata nilipinde upya. Lakini silitumi. Sanduku liko chini ya meza yangu ya kukatia, na njia ya kulipata ni kuja kulichukua mwenyewe. Mama huomba uje katika kila ujumbe, sasa naomba mimi, na unajua mimi huwa siombi.

Mjomba anakusalimu, anasema umekuwa bubu kwake. Kinyozi anakusalimu na anauliza huko ni nani anayekukata hizo nywele. Kimya naye anakusalimu, yaani alitikisa kichwa nilipolitaja jina lako. Paka hawezi.

Mungu akupe afya ya mgongo, akulinde uendako na urudiko, na akufungulie njia ya kuja nyumbani kabla rangi ya mapazia haijapauka.

Wako akupendaye, na akuoneaye wivu,

Dada yako wa cherehani.

Nakuandikia haya mezani. Nimeweka vikombe vitatu, na Mama hajauliza cha tatu ni cha nani. Njoo. Chai inapoa.