Hoteli Tuliyomchagulia Wini

Mafinga,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za mgongo wako, nianze na lile linalokunyima usingizi: Masanja yuko hai. Aliyekuja huko Igawa na habari kwamba kaka yangu ameuawa Mafinga amesema uongo, na kama ni dereva wa malori ya mbao nitamjua tu, atanikoma. Mwanao amelazwa. Mbavu zimevunjika, mkono wa kulia umevunjika, jicho moja limefumba. Lakini jana alikunywa uji akalalamika hauna sukari. Mtu anayelalamikia sukari hafi leo wala kesho.

Sasa naweza kukusalimu vizuri. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia au umempa jirani? Huku baridi imetukaba, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, ila tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Nimeandika kwa sababu simu yako nakujua nayo. Unaiweka sauti ya juu, uani, na kila anayepita anasikiliza. Haya ninayotaka kusema si ya kusikilizwa na kila anayepita. Wifi, mke wa Masanja, amenipigia akinong'ona kwamba wadogo zangu Shija na Maduhu wamekusanya vijana, wamechonga fimbo mpya, wanatafuta gari la kuja kumlipia kisasi kaka yao. Mama, wazuie. Barua hii yote ni kwa ajili ya hilo tu. Anayekuletea ni mke wa katekista wetu, nimemwambia akukabidhi mkononi. Isome kwanza peke yako, halafu waite wanao wakae chini, uwasomee neno kwa neno.

Mambo yalianza na chakula. Mjukuu wako Wini alikuwa anatimiza miaka kumi na minane. Najua utacheka. Sisi kwetu nani alifanyiwa sikukuu ya kuzaliwa? Ukiniuliza tarehe yangu nitakwambia nilizaliwa njiani, ng'ombe wakihamia Usangu, ndivyo ulivyonieleza wewe. Lakini mwenzangu, baba Wini, alimwahidi binti yake kwamba akifaulu kidato cha nne, siku hiyo tutakwenda kula hotelini, tukae mezani, tuhudumiwe. Akafaulu. Ahadi ni deni. Tukaanza kuchagua hoteli, na kuchagua kwenyewe kukawa vita.

Wini alitaka ile hoteli ya ghorofa iliyoko barabara kuu, kwa sababu ya taa zake, picha zinatoka vizuri. Nikaenda kuulizia. Nikamkuta mwenye hoteli jikoni anampiga binti anayeosha vyombo, anampiga kwa mwiko, kichwani, mabegani, popote, kwa sababu ya sahani iliyopasuka. Aliposikia hodi yangu akageuka, jasho linamtiririka, akatabasamu. "Karibu mama, mtakuwa wangapi?" Mama, unanijua. Nilimwambia mkono wake utaoza, nikamshika yule binti nikamtoa nje. Akarudi ndani mwenyewe, maskini, hana pa kwenda.

Baba Wini yeye alitaka baa ya kitimoto karibu na kiwanda cha mbao wanakokula wapakiaji. Nyama ya pale ni tamu, sitasema uongo. Tukaenda siku moja kuonja. Hatujamaliza sahani, wanaume wawili wakagombania kiti. Mmoja akavunja chupa kwenye ukingo wa meza akamchoma mwenzake pajani. Damu iliruka ikafika kwenye kachumbari yetu. Na mume wangu anaendelea kutafuna!

"Wewe mwanaume," nikamwambia, "hapa ndipo unapotaka mwanao aje kukata keki?"

"Mama Wini, ugomvi upo kila mahali."

"Basi na leo utaukuta nyumbani."

Na aliukuta.

Mwisho tukaipata ya tatu, nje kidogo ya mji, upande wa kwendea Nyololo. Ni ya mama mmoja mjane, anapika wali na kuku wa kienyeji, hauzi pombe, hapigi muziki. Nyuma ana uwanja wa majani na bomba la maji. Nikauliza lile swali ambalo hoteli nyingine zote zinalikataa: je, watoto wanaruhusiwa kumwagiana maji? Akasema, "Mwageni, ila uani, kabla hamjala, na unga mfagie wenyewe." Hapo hapo nikampa mkono.

Hili la maji nikueleze, maana ndilo lililotuchoma. Huku mjini mtu akiwa na siku yake ya kuzaliwa, marafiki zake wanamvizia. Wanamkamata mikono na miguu, wanammwagia ndoo za maji, wanampaka unga wa ngano, wengine wanampasulia mayai kichwani. Anapiga kelele, wanacheka, wanazidi. Ndiyo mapenzi yao. Asiyemwagiwa maji anajua hana rafiki, analia usiku kucha. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kuona nilidhani mtoto wa watu anauawa. Siku hizi nimezoea, kila mtu hapa amezoea, na kwa sababu tumezoea hatukukumbuka kumwambia Masanja.

Alikuja siku ile ile, na ule mchele uliompa, na fimbo yake begani kama kawaida. Nilimwelekeza kwa simu ashukie pale pale hotelini. Kwa hiyo, Mama, pata picha. Jua bado lipo. Wini amevaa gauni jeupe. Vijana wenzake wametoka nyuma ya jengo wakikimbia, wamemkamata. Kelvin, mtoto wa jirani yangu, ambaye mama yake ni mwenzangu katika jumuiya, amemshika mikono kwa nyuma. Msichana mmoja amemwaga unga, uso wote wa Wini mweupe, macho hayaonekani. Ndoo ya kwanza, ya pili. Anapiga mayowe, "Mama nakufa!" Na mimi mama yake nimesimama pembeni nacheka mpaka nashika mbavu.

Hicho ndicho alichokiona mjomba alipoingia getini.

Sikumwona akija. Nilisikia mfuko wa mchele ukianguka, halafu fimbo. Ilimpata Kelvin mgongoni, akamwachia Wini akaanguka magoti. Wale wengine wakatawanyika kwa kelele. Fimbo ya pili ikampata bega. Kwa hizo simlaumu kaka yangu, na mbele ya Mungu nitasema simlaumu. Hata mimi ningepiga.

Lakini Wini alijifuta unga, akapiga kelele, "Mjomba, acha! Ni bethidei! Ni rafiki yangu!" Na mimi nikamwita kwa Kisukuma, kwa sauti yangu yote, "Masanja, leka! Leka!" Akageuka. Akanitazama usoni, Mama. Akamtazama Wini. Fimbo ikashuka. Nikashukuru.

Hapo Kelvin, bado yuko magotini, akanyoosha mkono akaishika fimbo kwa ncha. Mtoto wa mjini yule, anajifunza useremala kwa baba Wini, hajawahi kuishi na wachungaji. Alitaka tu asipigwe tena. Hakujua kwamba fimbo ya mchungaji haishikwi na mtu mwingine mbele za watu. Nilimwona Masanja anavyobadilika. Akaivuta, akaizungusha, akampiga usoni. Nilisikia taya likivunjika, nilikuwa mbali na nilisikia. Meno yalitoka na damu yakaangukia kwenye ule unga. Akainua tena. Akampiga tena, mtoto ameshalala.

Waliokuwa wanakula ndani wakatoka. Kando ya barabara kulikuwa na lori la mbao limesimama, wapakiaji wakashuka kutoka humo. Mmoja akapiga kelele kwamba Msukuma ameua, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu. Walimpiga kaka kwa viti, kwa vipande vya mbao, kwa mateke, kwa lile jiwe la kuzuia geti. Fimbo walimnyang'anya wakamvunjia mwilini. Alijikunja kama wewe ulivyotufundisha kujikunja nyuki wakituvamia, lakini nyuki huchoka. Mmoja akauliza kama kuna petroli kwenye lori. Niliposikia neno hilo nikajua wanataka kumchoma moto.

Baba Wini ndiye aliyemwokoa. Yule yule niliyemgombeza kwa kutafuna nyama. Alijirusha akamlalia shemeji yake, anawapigia kelele kwa Kihehe, anawaita kwa majina maana wengine ni wateja wake. Kipande cha mbao kikampata mkono, ukavunjika, hakuinuka. Na Wini akaja akalala juu ya baba yake. Gauni jeupe, maji, unga, damu. Mtu mmoja alimpiga teke la ubavu kabla hajaona kwamba ni binti mwenye sherehe. Wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Yule mjane mwenye hoteli alitoka na sufuria ya maji ya moto akaapa atammwagia atakayesogea. Polisi wakatukuta hivyo. Chakula hatukula. Keki sijui ilikwenda wapi.

Sasa Masanja na Kelvin wamelazwa wodi moja, maana wodi ya wanaume ni moja. Kaka amefungwa pingu kwenye kitanda na askari amekaa kwenye stuli. Kelvin taya limefungwa kwa waya. Haongei. Jicho la kushoto daktari anasema tungoje. Nilimuuliza Masanja, "Ulinisikia nilipokuita?" Akasema, "Dada, alishika fimbo yangu." Basi. Hilo tu ndilo alilonalo.

Polisi wakamtaka Wini aandikishe maelezo. Mama, nilimwita chumbani nikamwambia aseme mjomba hakusikia, kelele zilikuwa nyingi. Akanitazama. "Alisikia, mama. Ulimwita kwa lugha yenu, akashusha fimbo." Nikampiga kofi. Siku nzima nimeona watu wakipigwa na bado nikampiga mwanangu, na ubavu wake umevimba kwa teke. Hakulia. Akavaa kanga, akaenda kituoni kwa miguu yake, mimi nyuma namfuata kama mtu aliyepotelewa. Nilikaa kwenye benchi la nje, dirisha liko wazi. Alieleza yote. Alisema mjomba alikuja kumwokoa, akalisema hilo mara nyingi, mpaka askari akamwambia nimeshaandika. Halafu akasema na lile la fimbo kushushwa na kuinuliwa tena.

Halafu nikaitwa mimi. Askari akaniuliza, mama, ndugu yako alikusikia? Nilifikiria wewe. Nilifikiria alivyonibeba mgongoni kuvuka mto Mbarali nilipokuwa na homa. Nikasema, alinisikia. Nikaweka sahihi.

Najua Shija atasema nimemuuza kaka yetu kwa Wahehe. Aseme. Mwambie waliompiga Masanja nao nimewataja, wawili wako ndani, na yule wa petroli anatafutwa. Mwambie pia kwamba aliyeokoa roho ya kaka yake ni Mhehe, na mkono wake hautashika randa kwa muda mrefu. Kama anakuja kulipa kisasi, anakuja kumlipa nani? Wale wapakiaji wameshatawanyika na malori yao. Watakaobaki ni majirani zangu. Nyumba ya kwanza watakayoifikia ni ya mama Kelvin, haina geti, mlango wake hata komeo halifungi vizuri. Kila jioni niko pale. Mama wa watu anashinda hospitali, mimi nampondea mwanawe viazi na kuvichuja viwe maji, maana anakula kwa mrija. Siku ya kwanza alinifungia mlango. Siku ya pili alinitemea mate. Siku ya tatu alinisogezea kinu. Hatujaongea bado. Nimefika hapo tu, Mama, pa kusogezewa kinu, na wanao wakiingia na fimbo zao watakivunja hicho nacho.

Nisalimie baba mdogo na kifua chake, mwambie asivute tena. Nisalimie bibi yule anayekusukia mikeka. Wifi mpe pole nyingi, mwambie mumewe alipigwa kinyama na alipiga kinyama, yote mawili ni kweli, asikubali wamwambie moja. Mavuno ya mpunga asimngoje. Wanawe wakiuliza, aseme baba anaumwa, maana kweli anaumwa.

Baba Wini anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Wini anakuamkia. Anauliza kama bado ni mjukuu wako. Nimemwambia hilo sitamjibia, nitamwandikia bibi yake amjibu mwenyewe.

Shija na Maduhu sina salamu zao bado. Wakae chini mbele yako, fimbo waziweke miguuni pako. Wakiziweka, wape mkono, waambie dada yenu anawapenda. Wakikataa, waambie waniulizie kwa mama Kelvin, na fimbo ya kwanza waanze na mimi.

Mwanao uliyemzaa njiani,
Mama Wini